Hilux ya springi ndefu: pima kwanza, choma mwisho

Ufa niliugundua kwa sababu ya vumbi. Tulikuwa tunatoka Ngaresero, kule Ziwa Natron, kurudi Mto wa Mbu, nikasimama Engaruka kuangalia tairi, nikajilaza chini ya gari, na pale kwenye boriti ya chesisi upande wa kushoto, nyuma kidogo ya hanga ya springi (kile kishikio kinachoifunga springi kwenye chesisi), vumbi lote lilikuwa la kijivu isipokuwa mstari mmoja mwembamba kama uzi, rangi ya chai kavu. Hiyo ni kutu mpya, inasagwa na kingo mbili za chuma zinazosuguana, ukiiona hata kama ufa wenyewe huuoni jua upo. Na aliyeuweka pale ni mimi mwenyewe. Miezi minne kabla nilikuwa nimechomelea hapo kishikio cha shokapu, mshono wangu mzuri balaa, umelala kama magamba ya samaki, na wala haukupasuka. Kilichopasuka ni chuma cha gari, milimita mbili pembeni ya mshono.

Nilipofika Arusha nikampelekea mzee mmoja fundi pale Unga Limited, nikamwamkia, akaingia chini na tochi ya simu, akatoka anacheka. "Kijana, chuma hakikatikii kwenye mshono, kinakatikia pale mshono unapoishia. Sasa we umeumalizia wapi?" Sikuwa na jibu, maana hilo swali sikuwahi kujiuliza. Haya ninayoandika hapa chini ni jibu lake, pamoja na mengine niliyojifunza kwa kuharibu, kuhusu kurefusha safari ya springi, yaani ule umbali ambao ekseli na tairi zinaweza kupanda na kushuka.

Gari ninayoizungumzia ni Hilux LN106, ile ya zamani yenye ekseli nzima mbele na springi za majani kote kote. Huko mtindo huu wa springi za safari ndefu ulikotokea, California kusini na Baja ya Mexico ambako mbio za jangwani zinaendeshwa tangu 1967, wao wanapenda mbele iwe na wishiboni ndefu (mikono ya chuma inayoshika kila tairi peke yake), gari inapanuliwa, tairi inapanda na kushuka karibu nusu mita, wanapita jangwani mwendo wa ajabu. Kwetu wishiboni ndefu maana yake hafu shafti ndefu za kuchongesha, boljointi za kuagiza, na siku ikivunjika uko Loliondo hakuna wa kukusaidia. Ekseli nzima inasamehe. Nikajipa lengo dogo, kutoka kama sentimita 19 za springi kupanda na kushuka mpaka 30, na kwa barabara zetu za rasta (yale mawimbi madogo ya barabara ya vumbi) na makorongo hizo 30 ni anasa.

Kanuni kubwa kabla ya yote ni kwamba usiwashe mashine ya kuchomelea mpaka umeijua safari nzima ya ekseli, kuanzia juu kabisa mpaka chini kabisa. Watu wengi (na mimi nikiwemo) tunanunua shokapu ndefu kwanza, halafu tunatafuta pa kuzifunga, halafu ndo tunashangaa.

Hatua ya 1: Vua, nyanyua, zungusha

Toa bodi la nyuma. Usijidanganye kwamba utachomelea ukiwa umejibana chini yake, bolti zenyewe ni chache na vijana wanne wanalibeba. Toa na tangi la mafuta kabisa, liende nje, siyo kulisogeza pembeni, maana hata likiwa tupu mvuke uliobaki ndani ndo mbaya kuliko mafuta yenyewe. Chesisi ikae juu ya stendi za chuma kwenye sakafu iliyonyooka, gari lisikae kwenye jeki, na wala usitumie matofali, tofali likipasuka halitoi taarifa.

Sasa kazi yenyewe. Fungua yu-bolti (zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), toa majani yote ya springi uache jani kuu peke yake, toa shokapu, rudisha ekseli. Springi ikiwa na jani moja unaweza kuipandisha ekseli kwa jeki mpaka juu na kuishusha mpaka chini bila kupambana na uzito. Hapo chukua futi ya chuma, chaki na daftari, kaa chini, na hii shughuli ikichukua siku nzima usione umepoteza siku.

Ukiwa juu kabisa angalia nini kinagusa nini: tairi na madigadi, difu na bomba la ekzosti, propela shafti na krosimemba (boriti ya kukingama kati ya boriti mbili za chesisi). Mbele kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia huku ekseli ikiwa juu, maana tairi iliyonyooka haigusi lakini iliyokatwa inakula hozi ya breki. Halafu nyanyua upande mmoja peke yake, upande mwingine uning'inie, kwa sababu korongo haliji sawasawa kushoto na kulia.

Ukiwa chini kabisa angalia hozi za breki zisivutike, kipira cha kupumulia cha difu kisichomoke, na splaini za propela shafti (yale meno yanayoteleza shafti ikirefuka na kufupika) zibaki zimeingia ndani vya kutosha. Mimi nikiona zimebaki pungufu ya sentimita 5 narefusha shafti, wengine wanaacha pungufu, ni shingo zao. Shekeli nayo (kile kiungo kinachocheza mwisho wa springi) iangalie, isigeuke ikalalia upande wa pili, na springi ikinyooka isiisukume shekeli mpaka igonge chesisi.

Andika namba tatu kila kona: juu kabisa panaporuhusiwa, gari ikiwa imesimama na uzito wake wa kawaida (weka mizigo yako ya safari, tairi mbili za akiba, maji, kila kitu), na chini kabisa. Yangu nyuma ilitoka sentimita 13 za kupanda na 17 za kushuka. Shokapu utanunua kwa hizo namba, siyo kwa picha.

Hatua ya 2: Stopa na mikanda

Shokapu siyo kazi yake kuzuia ekseli. Ikifika mwisho wa kujikunja kabla ya stopa, nguvu yote ya gari inatua kwenye kishikio chake na kwenye ule mshono wako. Ikifika mwisho wa kujinyoosha na ekseli bado inataka kushuka, inabeba uzito wa ekseli na tairi mbili kwa kutikisika, na mshono unavutwa. Kwa hiyo stopa ya raba, ile inayozuia ekseli isipande zaidi, iguse kwanza, shokapu ikiwa bado na kama sentimita 2 za kwenda. Kwa chini weka mkanda wa nailoni wa kuzuia ekseli, na uufanye mfupi kuliko unavyodhani kwa sababu nailoni inavutika, sentimita 2 au 3 hivi. Stopa pia inalinda springi, jani likishanyooka likaanza kukunjika kinyumenyume halikai muda mrefu.

Hatua ya 3: Uijue chesisi inavyoumia

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo nilipofeli.

Chukua godoro la sponji, likunje kama unataka kulibeba begani. Uso wa nje unavutika, uso wa ndani unajikunja makunyanzi, ila katikati ya unene wake hakuna kinachotokea, sponji imetulia tu. Boriti ya chesisi ni hivyo hivyo. Gari ikiruka tuta, uso wa juu na uso wa chini wa boriti ndo unaoumia zaidi, na ubavu, hasa katikati yake, unaumia kidogo sana. Kwa hiyo chochote unachotaka kuchomelea, kichomelee ubavuni. Kingo za juu na chini ziache, usizichomelee, usizitoboe, usizikate hata kidogo kwa grenda.

La pili. Pembeni ya kila mshono kuna ukanda mwembamba wa chuma uliopashwa moto mpaka karibu kuyeyuka halafu ukapoa, na huo hauko sawa tena na chuma kilichoachwa na kiwanda. Halafu hapo hapo ndipo unene unapobadilika ghafla, upande huu chuma mbili, upande ule moja. Sasa ukipiga mshono wima, kutoka juu ya boriti mpaka chini, umechora mstari wa kukatia kama kwenye karatasi ya risiti. Mimi ndo nilichofanya, nikachukua pleti ya mraba, nikaizungushia moto pande zote nne.

Pleti ya kuongeza nguvu ichongwe ncha zake zote mbili, iwe kama kishada au almasi iliyovutwa, ili mshono upite kwa kulala, mshazari, nguvu iingie kidogo kidogo. Na hata ukifika kwenye ncha kabisa, pale usichome, acha sentimita mbili hivi bila moto. Unene wa pleti uwe sawa na boriti au pungufu kidogo, siyo zaidi. Kuna imani ya mtaani kwamba milimita 10 ndo uhakika, kumbe ukiweka pleti nene kwenye boriti nyembamba umehamisha tatizo tu, ufa utatokea pale pleti inapoishia. Pima boriti yako kwa vernia mahali penye tundu, usikisie.

Hatua ya 4: Kurekebisha ufa

Kama tayari una ufa kama wangu, usiuchomelee juu juu. Safisha mpaka chuma king'ae, fuata ufa mpaka mwisho wake unaouona, halafu sogea mbele kidogo kwa sababu mwisho halisi uko mbele ya huo unaouona. Toboa hapo kwa drili tundu la milimita 5 au 6. Tundu la duara linaukatisha ufa njia, ncha kali ndo inayotembea. Baadaye chimba ufa kwa grenda umbo la V, karibu unene wote wa chuma, ujaze, usage mpaka uwe sawa na ubavu, ndipo uweke pleti yenye ncha juu yake, ipite ufa kila upande angalau mara moja na nusu ya kimo cha boriti. Kwenye pleti toboa matundu machache ya kama milimita 15 ujaze moto humo pia, pleti ishikwe na katikati, siyo kingo tu.

Kama ufa umeingia mpaka uso wa chini wa boriti, au chesisi inabonyea ukigonga kwa nyundo kwa sababu ya kutu, usiendelee na mwongozo huu. Tafuta chesisi nyingine.

Hatua ya 5: Kuandaa umeme na usalama

Chomoa betri, waya zote mbili. LN106 haina kompyuta ila oltaneta ina dayodi, vifaa vidogo vya umeme vinavyoweza kuungua, na kama gari yako ni Vigo au mpya zaidi chomoa na plagi za kompyuta ya injini. Klempu ya ethi ifungwe kwenye chuma kisafi karibu kabisa na unapochoma. Ukiifunga kwenye ekseli huku unachoma chesisi, umeme utatafuta njia kupita kwenye beringi na utaacha vidonda vidogo humo, utakuja kusikia mlio baada ya wiki huelewi umetoka wapi.

Kusafishia tumia brashi ya waya na grenda, grisi ifute kwa kitambaa. Ile dawa ya kupuliza ya kusafishia breki, yenye klorini, iweke mbali kabisa na kazi hii, ikikutana na moto na mwanga wa kuchomelea inatoa gesi ya fosjini, na hiyo inaua. Vivyo hivyo mabomba na nati zenye zinki, moshi wake mweupe unaleta homa na kutetemeka usiku kama malaria. Watu wanakunywa maziwa wakidhani ni dawa. Dawa ni kuisaga zinki yote kwanza, au kutumia bomba jeusi, na kuchoma mahali penye hewa.

Mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi, na mtu mmoja asimame upande wa pili wa chesisi akiangalia tu, maana wewe ndani ya kofia hauoni waya unaoungua.

Hatua ya 6: Kijiti gani, moto kiasi gani

Vijiti vya kuchomelea vya 6013 vimejaa kila duka la vifaa, vinawaka kirahisi, mshono unapendeza, lakini haviingii ndani sana, ni vizuri kwa madirisha na mageti. Chesisi nachoma kwa 7018. Hiyo 70 ya mwanzo ni nguvu ya kuvutwa, pauni 70,000 kwa inchi ya mraba, lakini siyo hiyo tu ninayoifuata, ni kwamba mshono wake unavumilia kutikiswa bila kupasuka. Ugomvi wake ni unyevu. Pakiti iliyokaa wazi msimu mzima wa masika ikinyonya maji itakupa vitobo na hata nyufa ndani ya mshono. Kuvikausha kunataka kama nyuzi 350 kwa saa moja, oveni ya nyumbani haifiki huko, kwa hiyo mimi nanunua pakiti ndogo iliyofungwa, nafungua siku ya kazi, vikibaki vinaenda kwenye geti la jirani.

Kijiti kikae kwenye chanya, mashine iwe ya umeme wa moja kwa moja (DC), zile inveta ndogo zinatosha. Cha milimita 2.5 naanza na ampia 80 au 85, cha 3.2 kuanzia 110 napandisha. Jaribu kwanza kwenye kipande cha chuma chenye unene ule ule, halafu kikate kwa grenda katikati uangalie moto umeingia kiasi gani, halafu kingine kibane kwenye vaisi ukipige nyundo mpaka kikunjike. Kikiachia kwenye mshono hauko tayari, rudia, chuma cha mazoezi ni rahisi. Nimeona watu wana gari ya milioni nyingi lakini wanaona uchungu kuchoma vijiti vitano vya mazoezi.

Ukiwa na MIG (mashine inayochoma kwa waya na gesi badala ya kijiti) ni sawa tu, waya wa 0.9 na gesi ya mchanganyiko wa agoni, ila angalia inadanganya, mshono unaweza kuonekana mzuri kumbe umelala juu tu kama uji uliomwagika mezani.

Hatua ya 7: Kuchoma

Kabla ya moto pima chesisi kwa mshazari, kona kwa kona, andika. Shikiza kila kitu kwa nukta za moto tu, rudisha shokapu na zile springi za jani moja, pandisha na shusha ekseli tena safari nzima. Ndiyo, tena. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilikuta shokapu ya kulia inagusa krosimemba kwa upana wa kidole, nikasaga nukta nne nikasogeza, dakika kumi. Ingekuwa nimeshamaliza kuchoma ingekuwa kilio.

Vishikio vya juu vya shokapu viwekwe ili shokapu isimame karibu na wima, ukiilaza sana inafanya kazi kidogo hata ikiwa ya bei gani. Na ziwe za mwili mnene, kwenye rasta oili inachemka, shokapu nyembamba inakufa kabla hujafika Seronera.

Halafu choma vipande vifupi, sentimita 3 au 4, hapa, halafu upande wa pili, halafu nyuma, uruke ruke, chuma kisipate joto sehemu moja kikajikunja. Usipoze kwa maji hata kama una haraka. Mshono wa wima panda nao kutoka chini kwenda juu, ni wa taratibu na unachosha mkono lakini moto unaingia, ukishuka nao unateleza juu juu. Ondoa magamba (lile ganda linalobaki juu ya mshono) kila baada ya kijiti. Angalia pembeni ya mshono kama kuna mfereji mdogo uliochimbika, huo mfereji ndo mwanzo wa ufa, ukiuona punguza ampia, fupisha mwali, na uujaze.

Bolti yoyote inayopita ndani ya boriti ya boksi iwekewe kipande cha bomba ndani yake, kichomelewe pande zote mbili, la sivyo ukikaza boriti inabonyea, na kesho bolti imelegea, unakaza tena, inabonyea tena.

Ukimaliza pima mshazari tena. Tofauti ikizidi milimita 3 na ile ya mwanzo kuna mahali umepika chuma.

Hatua ya 8: Kufunga na kukagua

Rudisha majani yote, yu-bolti mpya (za zamani zimeshavutika, usizirudie), hozi za breki ndefu, toa upepo kwenye breki. Bolti za bushi za springi zikaze mwisho gari likiwa chini kwenye tairi zake, ukizikaza likiwa hewani raba inabaki imesokotwa. Baada ya kilomita 100 kaza yu-bolti tena, baada ya 500 tena. Na bima yako waambie umebadilisha gari, kabla hawajajua wenyewe siku ya ajali.

Kuhusu rangi: watu wanapenda kupaka ile nyeusi nene kama lami chini ya gari, inaonekana safi lakini inaficha kila kitu. Mimi napiga praima, halafu kwenye kila mshono na sentimita kumi pande zote napaka nyeupe, nyembamba. Vijana wa gereji wananicheka, wanasema chini ya gari yangu kuna ambulensi. Ila kila nikirudi kutoka Natron nalala chini na tochi, nafuta vumbi kwa kiganja, na kutafuta uzi wa rangi ya chai kwenye weupe ule kunanichukua dakika tatu.